Mguu wa Kulia

Miaka thelathini na mmoja niliendesha tramu namba nane,
Ostrava, kutoka bohari hadi lango la kiwanda cha chuma,
na miaka yote hiyo sikukata kona hata moja.
Reli ndiyo iliyokata. Kazi yangu ilikuwa
kwenda, kusimama, na kupiga kengele.

Sasa nimeketi chumba cha nyuma, soksi za sufi miguuni,
mbele ya kompyuta aliyoniachia Květoslav,
na ndege hii ya vita, ya mwaka arobaini na tatu,
haina habari na reli.

Inakaa kama mbwa: makalio chini, pua mawinguni.
Mbele sioni kitu ila bati la injini.
Njia iko huko, nyuma ya pua, naambiwa,
kama unavyoambiwa kwamba kesho ipo.
Nachungulia pembeni. Nyasi kushoto, nyasi kulia;
zikilingana, niko katikati.

Mara ya kwanza nilisukuma mafuta yote kwa mkupuo.
Rafadha ikanguruma, ndege ikageuka kushoto
ghafla, kama mlevi aliyesikia akiitwa,
bawa likalima nyasi.
Mara ya pili vivyo hivyo.
Mara ya tisa nilikanyaga kulia, nikachelewa kuachia,
nikaingia bandani bila kubisha hodi.

“Shangazi,” Otakar akaniambia kwa simu kutoka Brno,
“usingoje ipinde ndipo uirudishe.
Miguu itangulie.”
Nikamwambia miguu yangu ni ya dereva wa tramu.
“Basi ikanyage kama ya bibi kwenye cherehani.”

Cherehani! Mama alikuwa hatazami chini.
Macho kwenye mshono, mdomoni pini tatu,
na huko chini miguu ikijisemea yenyewe,
kidogo, kidogo, kidogo,
haikai, haikurupuki.

Usiku ule, nikitafuta mahali pa kulegeza pedali,
nikafungua kumbukumbu za mashine.
Jina lake lilikuwa bado lipo.
Majaribio ya kuruka: mia mbili na kumi na mawili.
Muda mrefu zaidi hewani: sekunde kumi na moja.

Sekunde kumi na moja!
Na kila Jumapili alikuwa akija mezani amejaa upepo,
“Leo nimefika mpaka baharini, Zdenka,”
huku akimega mkate,
nami nikimuuliza maji yalikuwa rangi gani,
naye akinijibu. Kila mara rangi nyingine.

Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.
Kisha nikazima taa, nikakaa.

Leo asubuhi, haya.
Tairi la mkia nimelifunga lisiyumbe.
Fimbo nimeivuta tumboni.
Mafuta naongeza kama mtu anayemmiminia mgonjwa uji,
na mguu wa kulia umeshaanza kabla sijauamuru,
kidogo, kidogo, pini mdomoni.
Nyasi hizi. Nyasi zile. Zinalingana.
Nalegeza fimbo. Mkia unainuka,
pua inashuka, na njia yote, ee,
njia yote inafunuka mbele yangu, nyeupe mpaka mwisho,
na hapohapo ndege inajaribu tena kushoto,
hila yake ya mwisho,
lakini mguu ulikwisha kufika.

Mtikisiko ukakatika.
Kama tramu inapozimiwa umeme,
ila hii haikusimama.
Kivuli kikabaki chini, kikawa kidogo, kikawa cha mtu mwingine.

Nikahesabu kwa sauti. Tisa. Kumi. Kumi na moja.
Kumi na mbili
sikuitamka.

Kutua sijui. Otakar yuko kazini hadi saa kumi jioni.
Mafuta yapo ya saa moja na nusu,
na kwenye ramani bahari iko kaskazini, mbali.
Naelekea huko, nikaone ni rangi gani,
mguu wa kulia bado ukitetemeka ndani ya soksi.