Tangazo la Mambo ya Bure

Diwani Hynes aliniambia: "Jaza ukurasa mmoja,
mambo ya bure ya kiangazi. Bandika posta, bandika dukani,
watalii wanaokuja kisiwani wajue kwamba nasi tumo."
Akaondoka na kalamu yangu.

Ukurasa mmoja! Mji wetu una barabara moja,
nayo hukatika njiani, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema,
pale kiwanda cha samaki kilipofungwa
na nyasi zikaingia kazini.

Nikaandika: Kuogelea, Bwawa la Nyuma, mchana kutwa.
Sikuandika kuwa maji yale yanauma kama deni,
na kwamba watoto wa akina Tobin hutoka na midomo ya zambarau
wakiapa, meno yakigongana, kuwa hawasikii baridi.

Nikaandika: Kutazama mlima wa barafu, kama utapita.
Mwaka jana ulipita mmoja, mweupe, bila haraka,
mithili ya mgeni wa heshima aliyekosea nyumba.
Ukakwama wiki mbili mbele ya kanisa
na kasisi akahubiria viti.

Nikaandika: Buluberi, Agosti, kilima cha makaburini. Njoo na ndoo yako.
Mahali penyewe hasa, hapo sisemi.
Mama alinionyesha mimi, nami nitamwonyesha binti yangu
akirudi kutoka Alberta. Akirudi.

Neno hili, bure, nililipiga chapa mara kumi na moja
hadi likaanza kunikodolea macho.
Upande huu linasema: hulipi kitu, karibu.
Upande wa pili: umejisumbua tu, nenda zako nyumbani.

Alasiri akaingia Leander Pike, kofia mkononi,
akausoma ukurasa hadi chini, kidole kikifuata mistari.
"Haya yote ni ya mchana," akasema. "Huna la usiku?"
Ni mwezi wa nane sasa tangu Dulcie azikwe,
na taa ya jikoni kwake, naiona kutoka kwangu,
hadi saa kumi za alfajiri haijazimwa.

Nikasema sina. Nikaona haya,
kana kwamba usiku nao uko chini ya idara yangu.

Jumanne, saa sita na nusu za usiku, simu ikalia.
Hakutaja jina. Alisema tu: "Wameingia."

Nikavaa buti na nguo ya kulalia.
Ufukwe wa Changarawe ulikuwa unachemka:
kapelini, vidagaa vya maji baridi, maelfu kwa maelfu,
kila wimbi likiwamwaga maweni
kama mtu anayekung'uta mfuko atafute senti ya mwisho.
Wamekuja kutaga, na wengi watafia papo hapo, miguuni petu.

Mji mzima umeshuka. Bi Mercedes na pazia la dirisha,
akina Tobin na masufuria,
Diwani Hynes na ndoo, suruali kaikunja magotini,
kalamu yangu inaning'inia mfukoni mwake.
Ukungu umetufunika sote, husikii ila vicheko na maji.
Hakuna anayeuza. Hakuna anayenunua.

Leander alichota kwa chujio la Dulcie,
lile alilolisugua mkewe miaka arobaini,
akajaza ndoo za wenzake, yake ikabaki tupu.
"Chukua," akaniambia. "Sina wa kumkaangia."
Halafu akaruka, akapiga ukelele, akacheka peke yake:
mmoja alikuwa amemwingia ndani ya buti.

Asubuhi nilifika ofisini na magamba kwenye nywele.
Nikaongeza mstari mmoja, kwa mkono, pembezoni:
Ufukwe wa Changarawe, usiku. Tarehe haijulikani. Lala karibu na simu.
Gharama sikuandika.

Nilipopita, dirisha la Leander lilikuwa giza,
na chujio limeanikwa uani, linapigwa na jua.
Nikasema, hii si bure.
Kisha nikaenda kumdai diwani kalamu yangu.