Lumbesa

Huku kwetu Makete gunia halifungwi mdomoni.
Linashonewa kilemba cha kamba, linajazwa tena,
viazi vinapanda mpaka gunia linaota shingo,
kisha kichwa,
na mnunuzi aliyekuja na fuso
analizunguka, analipiga teke dogo, anasema: moja.
Baba hajawahi kumjibu: moja na nusu.
Anasema ndiyo, moja,
anatia hela kwenye soksi.

Mimi nilisoma miaka mitatu Makambako,
chuo cha vyumba vinne nyuma ya ghala la mbao.
Kompyuta kumi na moja, saba zikiwaka.
Umeme ukikatika, Mwalimu Luvanda alichora kibodi ubaoni
nasi tukabonyeza hewa.
Nilijifunza kuandika programu kwa kalamu,
kuipitia mstari kwa mstari kama anayechambua maharage,
maana zamu yangu ya mashine ilikuwa dakika arobaini
na nukta-mkato moja iliyosahaulika
ilikula kumi.
Hilo cheti hakikuliandika.
Cheti kiliandika B, na jina langu, Enelika Tweve,
wakakosea herufi moja, wakaifuta, wakagonga muhuri juu yake.

Treni ya saa nne usiku ilifika alfajiri.
Mbeya ilikuwa bado imejifunika,
Loleza haonekani, ila baridi yake.

Dirisha la tatu, Bi. Sekela,
glavu zilizokatwa vidole, rula ya mbao.
Anaishusha rula kozi baada ya kozi:
hii tunaipokea.
Hii hatuipokei.
Hii mtaala wenu hausemi saa ngapi za maabara.
(Saa ngapi? Mama, kulikuwa na saa za giza,
hizo mnazihesabu wapi?)
Kati ya ishirini na mbili, wakanipa tisa.
Utangulizi wa Programu nirudie.
Nikasema ndiyo.
Nikalisikia teke lile dogo,
ubavuni.

Wiki ya kwanza nikakaa safu ya nyuma
na vijana waliotoka kidato cha sita juzi,
wananiita dada, wengine shikamoo.
Mhadhiri anasema: kompyuta huanza kuhesabu na sifuri.
Wakacheka, wakaona ni ajabu.
Mimi sikucheka.
Safu tatu mbele yangu, Obedi, mrefu, koti la kuazima,
mashine yake inamfokea kwa maandishi mekundu,
anafuta, anaandika, anafuta.
Kutoka pale nilipo nikaiona:
mstari wa kumi na nne, mwisho.
Nikamwambia.
Akageuka kunitazama kama mtu aliyesemeshwa na ukuta.

Jumapili nikampigia Baba. Yuko shambani,
upepo unasema kabla yake.
Wamekupimia ngapi?
Tisa.
Upepo tena. Jembe likawekwa chini, nililisikia.
Na zile nyingine?
Ninazo.
Zimeoza?
Hapana, Baba.
Basi mbona unaongea kama mtu aliyeuza?

Sikulala vizuri.
Saa kumi na moja nikavuta begi chini ya kitanda:
kaunta buku nane, kurasa zimevimba kwa unyevu,
nyingine zina alama ya kikombe,
moja ina tope la Makambako, halitoki.
Kila programu, kwa mkono.
Kila kosa limepigiwa mstari, tarehe pembeni,
na neno la Mwalimu Luvanda kwa wino wa kijani:
*Giza tena. Endeleeni.*

Nikazifunga kwa kamba ya katani, kama tufungavyo,
kilemba juu.

Dirisha la tatu.
Nikaziweka kauntani, zikatoa sauti.
Bi. Sekela akazitazama. Akaitazama rula yake.
Hizi ni nini?
Saa za maabara, nikasema. Zile hazikuandikwa.
Nyuma yangu foleni ikaguna, mtu akakohoa.
Hakusema tunapokea,
hakusema hatupokei.
Alivua glavu moja,
akatafuta mwanzo wa kamba.