Gramu Mbili na Nukta Tisa

Bi Shinuna kaja alasiri, saa ambayo Ibra
hufunga milango na kuliachia jua barabara.
Kafungua ncha ya leso: kichwa cha mfalme,
pua ndefu, shingo nene, taji la majani.
"Ya marehemu. Zahir anaoa Mfungo Sita,
na yule muuzaji wa Matrah kasema ni feki.
Wewe uliyepima dawa za watu miaka thelathini,
hebu nipimie mume wangu."

Sianzi na uso. Naanza na ukingo.
Uso umezoea kutazamwa, umejifunza kudanganya;
ukingo hauna habari.
Sarafu ya kumiminwa huacha mshono,
uzi mwembamba pale kalibu ilipokutana na mwenzake,
na viputo, kama mkate wa mofa uliotolewa kwa pupa.
Hii haina. Hii iligongwa: nyundo moja, mkono mmoja,
pigo likaenda kombo, nusu ya jina lake
ikabaki nje, juu ya fuawe, huko Rumi.
Bwana wa nchi zote zile, na herufi zake hazikumtosha.

Kisha mizani, ile ya duka la dawa,
niliyostaafu nayo kwa ruhusa ya mdomo.
Yatakiwa tatu na nukta nne, au karibu yake.
Gramu mbili na nukta tisa.
Nikazima kiyoyozi, maana upepo wake husukuma sahani,
tukakaa tunatoka jasho wawili sisi.
Mbili na nukta tisa.

Lugha yetu ina ubahili wake: fedha ni madini,
fedha ni pesa, neno moja limetosha,
kana kwamba hapajatokea mtu
wa kuvitenga viwili hivyo usiku,
kwa moto mdogo, mlango umekomewa.

Shavuni pana jeraha, mkato wa patasi.
Nikasogeza lenzi. Ndani, wekundu.
Shaba.
Nilikwisha kufungua mdomo niseme pole
nilipoona wekundu ule hauko peke yake.
Kijani kimeota humo, kigumu, kimetulia,
nikakichokoa kwa kijiti cha meno, hakikutoka;
kimeila shaba toka chini, kikaiinua ngozi ya fedha
kama ganda la kitunguu.
Kutu ya namna hii haipatikani kwa siki ya wiki mbili.
Kutu hii imekaa eda, na haikuhesabu miezi.

Basi palikuwa na mtu, kaizari angali hai,
aliyeivisha shaba shati la fedha.
Na mwingine, mvunja fedha labda, mwenye macho mabovu kama yangu,
akaitilia shaka, akaichanja shavu, akaona,
akatukana kwa Kilatini.
Na bado akatokea wa tatu akaipokea.
Sijui kama hakuona, au alikuwa na deni.

"Ni ya kweli?"
Kahawa imempoa Bi Shinuna mkononi.
Ni bandia, nikamwambia. Lakini ni bandia ya kweli.
Tapeli wake kafa zamani kuliko misikiti yote uijuayo.
Yule wa Matrah alipima, hakutazama.
"Itauzika?"
Itauzika, kwa kidogo.
Wapo watu hununua uongo, mradi uwe mzee.

Kanyamaza. Nje muadhini
akasafisha koo kwenye kipaza sauti.
"Marehemu," kasema, "aliniposa kule Pemba
kwa picha ya kaka yake."
Akacheka mpaka leso ikamteleza begani.
"Nilishuka uwanja wa ndege Maskati namtafuta mtu mwenye nywele!
Miaka arubaini na moja. Sikurudisha."

Akaifunga sarafu ile ile, ncha ile ile,
safari hii mafundo mawili.
Mahari ya Zahir itatafutwa kwengine.