Tiketi ya Mtu Mmoja

Niliondoka Nakuru Alhamisi, Kaptembwa ikiwa bado giza.
Mkaanga mandazi ndiye tu aliyeniona,
akadhani nimekuja kununua; nikanunua.
Kwenye kiti cha pili: chupa ya chai, ndizi nne,
ramani ya ghuba niliyoichora nyuma ya kalenda ya benki.

Dada yangu Wangeci alikuwa ameuliza, "Nani amekufa?"
Hakuna aliyekufa.
"Basi unaenda ziwani kufanya nini? Harusi? Deni?"
Naenda kulizunguka, nikamwambia,
kama mtu anavyoizunguka nyumba asiyokusudia kuinunua.
Akanyamaza. Mimi ndiye niliyepiga;
kimya chake kilikula salio langu.

Mau Summit niliendesha ndani ya maziwa.
Kericho, mvua, bila hata kubisha hodi.
Ahero jua lilikuwa limekaa juu ya mpunga kama mkaguzi,
na polisi akainama dirishani, akatazama viti vya nyuma,
akatazama tena.
"Mko wangapi, mama?"
Mmoja.
Akaandika kitu. Sijui aliandika nini kuhusu umoja wangu.

Kendu Bay, Dorsila mwenye lojingi alinipa chumba kabla sijauliza bei.
Akanisimulia ziwa la Simbi, lile dogo la kijani:
hapo palikuwa na kijiji, na pombe, na ngoma,
akaja bikizee usiku, peke yake, akaomba pa kujiegesha,
wakamfukuza. Kulipokucha, maji.
"Kwa hiyo sisi hapa," akasema, akinikabidhi ufunguo na ndoo,
"mwanamke akija peke yake hatumuulizi maswali mengi."
Kisha akaniuliza maswali kumi na moja.

Kesho yake, kabla ya Homa Bay,
turubai lilikuwa limevamia nusu ya barabara.
Nilipunguza mwendo tu. Vijana wakanielekeza pa kuegesha,
mtu akanishika mkono, mwingine akaleta kiti, wa tatu sahani:
ugali, nyama, na pole ambazo hazikuwa zangu.
Mwalimu Zablon Obiero, miaka thelathini na miwili ubaoni.
Mara kipaza sauti: "Mgeni wetu kutoka Nakuru, neno moja."

Ningeweza kudanganya. Walikuwa wamenipa paja.
"Sikumjua," nikasema. "Nilikuwa napita."
Kipaza sauti kikapiga mluzi.
Ndipo mjane, Peninah, bila kuinuka kitini:
"Alifundisha jiografia. Hakuwahi kuvuka Oyugis.
Mwambie njia."

Nikamwambia njia.
Nilisimama kando ya jeneza nikataja karai la mandazi,
ukungu, Londiani na mbao zake,
nyangenyange wa Ahero wanaotembea matopeni bila kuchafuka.
Nikasahau Kericho; nikarudi nyuma, nikaitaja,
na majani chai yaliyokatwa sawasawa
kama nywele za mtoto anayeanza shule.
Mwanamume mmoja akanisahihisha umbali wa Katito.
Watu wakacheka kidogo, kisha wakarudi kulia, kwa zamu zao.

Kivukoni Mbita karani hakuinua uso.
"Watu?"
Mmoja.
Akachana tiketi.
Nilitaka kumkumbatia.

Nikiwa majini Wangeci akapiga.
"Umefika wapi?"
Katikati.
"Na kweli hakuna aliyekufa?"
Yupo, nikasema. Mwalimu mmoja.
"Unaona!" akasema, pumzi zikimshuka,
nami nikamwachia sababu hiyo aitumie.

Luanda K'Otieno nilipanda kilima kidogo, nikazima gari.
Mlima Homa, ambao jana nilipita miguuni pake,
ulikuwa ng'ambo, mdogo,
umegeuza upande ambao hatujajuana.
Ndizi ya nne ilikuwa nyeusi tayari.
Niliila hivyo hivyo. Bondo ilikuwa bado mbele.