Halisi

Machi nilikwenda Dodoma kwenye usaili,
siku mbili njiani, viatu vya kuazima kwa dada Fatu.
Nikajibu maswali sita mbele ya watu watano,
mmoja wao, nakumbuka, alikuwa anamenya chungwa.
Nilifaulu. Hilo ndilo la ajabu:
nilifaulu, na hakuna kilichotokea.
Jina langu limo kwenye kanzidata, nimeambiwa,
kama ndoo iliyoachwa foleni bombani,
mwenyewe akarudi nyumbani kulala.

Aprili akaunti yangu inasema: Umefaulu, subiri kupangiwa.
Juni inasema vilevile.
Agosti nikaacha kuingia kila asubuhi,
nikawa naingia kila jioni.

Sasa ni Oktoba. Newala imejaa ukungu na malori,
bei ya korosho inapanda midomoni kabla ya mizani,
na ghala la barabara ya Kitangari
linataka mtu wa kupima ubora.
Mkataba miaka miwili, mshahara kila tarehe ishirini na nane.
Bwana Mtopwa, meneja, ana sharti moja,
alilitaja kama mtu anayeomba chumvi mezani:
"Vyeti vikae kwangu. Halisi, si nakala.
Mwaka jana walinikimbia watatu katikati ya msimu,
Serikali ilipowapigia mluzi."

Na Serikali nayo, siku ikipiga mluzi,
inataka halisi, si nakala,
ndani ya siku kumi na nne.

Bahasha ni moja tu. Ya kaki, imebanwa kwa mpira,
mama anaificha ndani ya debe la mchele
kwa sababu mchwa wa huku hawaijui stashahada.

Mimi nimesomea kukata.
Unachota kilo moja kwenye gunia, unazipasua moja moja,
nyeupe huku, zenye madoa huku,
zilizooza na zilizosinyaa kule,
kisha unaandika namba, na namba haimwogopi mtu.
Utomvu wa ganda unakubabua vidole,
lakini unajua.
Hii ya Dodoma sina kisu chake.
Naitikisa sikioni tu.

Mjomba Ausi: "Ya Serikali ndiyo ya uzeeni."
Fatu: "Huko uzeeni atafika akila nini?"
Mama hakusema kitu. Alipima mchele wa jioni,
kikombe kikagonga bahasha, akafunika debe.

Mwisho ulikuwa Jumamosi saa sita.
Nilifika saa sita kasoro dakika nne.
Nikatoa cha kidato cha nne, nikatoa stashahada,
cha kuzaliwa nimekikunja ndani ya gauni, kinanichoma ubavuni.
Mtopwa akahesabu.
"Cha kuzaliwa?"
"Kinakuja."
Hakijaenda hadi leo, na nadhani anajua.

Jumanne orodha ikatoka.
Kurasa arobaini na moja kwenye simu yenye ufa,
nashuka kwa kidole cheusi cha utomvu,
nashuka,
SOMOE.
Fatu, aliyekuwa begani kwangu, hakusubiri jina la pili.
Kigelegele cha mama kilivuka nyua mbili
nikiwa bado nasoma:
SOMOE ISMAILI LIKAPA, LIWALE.
Mimi ni Nambunga.

Majirani walishaanza kuingia. Mmoja alikuja na kuku.
Nikamvuta mama nyuma ya jiko.
"Wamemwita Somoe mwingine."
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Ana mama, huyo?"
"Sijui. Huenda."
"Basi mpe simu Fatu, uje uchambue mchele.
Kuku amrudishe mwenyewe, mimi siwezi."

Usiku nilinawa kwa mafuta ya taa, kisha kwa majivu.
Weusi haukutoka.
Nikaandika namba yangu ya siri, herufi nane,
kila herufi ikabaki na doa lake kwenye kioo.