Riali Tatu

Waraka ulifika Jumapili,
kahawa ikiwa bado moto kwenye dele.
Kurasa mbili na muhuri:
kuanzia muhula ujao ada itapanda,
na msaada utapimwa kwa kipato cha mlezi.
Mwisho mia sita. Aliyezidi, ajitazame.
"Ajitazame" haikuandikwa. Hiyo tafsiri yangu.

Mimi karani, dirisha la tatu,
chuo kilichopo nje kidogo ya Ibra,
pale barabara ya Sur inapoanza kunusa mchanga.
Kazi yangu kupokea fedha, kutoa risiti,
na tangu Jumapili ile
kupokea nyuso.

Baraza la chuo lilikaa mpaka adhuhuri.
Mkuu wa chuo alitaka barua ianze na "tumeguswa".
Mwanasheria akalifuta, akaweka "tumezingatia".
Muhenna, mhasibu mkuu, hakutia neno;
alichora vijumba pembeni mwa karatasi,
akavikata kimoja kimoja.
Ikatoka barua:
ada ilipwe kwa mafungu manne,
maktaba ifungwe saa mbili usiku, si saa nne tena,
basi la Mudhaibi lisimame,
na kila kitivo kichange kidogo
kwenye mfuko wa wale "waliokosa kidogo".

Bibi yangu, aliyerudi huku kutoka Unguja
na Kiswahili chake kama aliyerudi na mtoto mgongoni,
alikuwa akisema: haba na haba hujaza kibaba,
lakini angalia, mwanangu,
haba na haba ndiyo hukivujisha.

Jumatano akaja Rayya binti Hemed,
mwaka wa tatu, uhandisi wa maji,
bahasha ameibana kwapani kama kipimajoto.
Tulianza kwa Kiarabu.
Simu ikalia, nikamjibu dada yangu: "Nyama toa kwenye friji."
Rayya akainua macho. "Kumbe wa kwetu!"
Kwa Kiarabu alikuwa na adabu.
Kwa Kiswahili alikuwa na hasira,
na hasira ilimkaa vizuri zaidi.

"Pensheni ya baba mia sita na tatu.
Riali tatu, dada! Riali tatu ni nini?
Kuku mmoja na mkate.
Basi tumwambie asile kuku,
nami nihitimu?"

Sikujibu. Kioo cha dirisha kina tundu dogo,
halikutengenezwa kupitisha jibu la swali kama hilo.

Akasema babake ana fungu la maji kwenye falaji,
nusu saa kila siku ya nane.
Wazee waligawa kwa kijiti na kivuli chake,
usiku kwa nyota,
na aliyepungukiwa aliazimwa dakika za jirani
bila fomu, bila picha mbili.
"Kivuli kina ukingo laini," akasema,
"mtu na mtu wanaweza kuelewana pale ukingoni.
Kompyuta yako haina kivuli."

Nikaitazama. Kweli haina.
Ina vyumba vitatu vya kubonyeza:
Anastahili. Hastahili.
Na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
Inasubiri, kwa faili lililopungukiwa karatasi.

"Barua ya benki umeileta?"
"Si hiyo hapo, mkononi mwako."
Niliikunja mara mbili.
Nikafungua droo, nikailaza
kati ya kopo la sukari na chaja ya simu.
"Hujaileta," nikamwambia.
"Mfuko utafunguliwa Alhamisi ya wiki ijayo.
Utaileta siku hiyo, mapema, kabla Muhenna hajaanza kuchora."

Alinitazama kwa muda,
akachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi,
akatia sahihi mahali pasipohitaji sahihi,
akaondoka bila kuaga.

Mchana akaja mwingine, riali kumi na moja.
Kesho yake wawili, ndugu.
Leo zimefika barua kumi na saba ambazo hazijaletwa,
na droo yangu haifungi.
Kila anayepita nyuma ya kiti
huisukuma kwa goti,
nayo inarudi.