Kifuniko Kinachocheza

Kila alfajiri, kabla ya chai,
nachomoa kijiti cha oili, nakifuta kwa shati lililokuwa la kanisani,
nakichovya tena.
Jana alama ya juu. Leo imeshuka upana wa kidole.
Chini hakuna tone, kwenye gasketi hakuna jasho.
Basi inakunywa. Inakunywa kimyakimya,
kama shemeji yangu Jokola, ambaye chupa huisha mbele yake
na hakuna aliyemwona akimeza.

Buldoza hili lililetwa huku Svaneti enzi za Warusi,
rangi ya chungwa, mlango mmoja, hita jina tu.
Baridi thelathini na nne limesukuma theluji ya barabara hii moja
inayoleta unga, mkunga, pensheni,
na inayorudisha waliofia mbali.

Jokola alikuja Jumapili.
"Washa," akasema.
Akafungua kifuniko cha oili, akakipindua,
akakilaza mdomoni pa injini bila kukikaza.
Kikatetemeka. Kikaruka. Kikacheza kama ngawira ya shetani,
kikaangukia tope.
"Ringi," akasema. "Moto wa kusukuma pistoni
unateremka chini kwenda kuota oili."
Kisha akaweka bisibisi kwenye bloku, mpini sikioni,
akatembea silinda hadi silinda kama daktari wa mifugo.
Kwenye ya tatu akasimama.
"Humu kuna mtu anabisha hodi."
"Nani?"
"Mwenye deni."

Kufungua yote, kuchonga silinda Kutaisi, ringi, beringi:
bei ya ng'ombe watatu. Ninao wawili.
Injini nyingine iko Zugdidi, kwa fundi mmoja
aliyeipaka rangi mpya kabla sijaiona,
nami nawaogopa wanaopaka rangi kabla ya kuuza.
Au chuma chakavu, kwa kilo,
halafu Desemba tuchukue koleo, sisi wazee kumi na tisa.

Usiku nilimwambia Mzekala:
la kuvunda halina ubani.
Hakuinua macho kwenye daftari.
"Kuchakaa si kuvunda. Zisome vizuri methali zako.
Inakunywa kiasi gani?"
"Lita moja kwa saa tano."
"Na baridi nzima ni saa ngapi?"
"Mia sita."
Akaandika, akapiga mstari.
"Lita mia na ishirini. Hilo si ng'ombe.
Hilo ni jibini za kiangazi, zile za rafu ya juu."

Hesabu yake ilikuwa safi. Yangu ina kona ya saba.
Februari ile Lamara aliposhikwa na uchungu,
injini ilinizimikia palepale.
Dakika arobaini nilichoma matambara ndani ya karai chini ya tumbo lake,
nikisikia theluji huko juu
ikijigeuza kama mtu asiyepata usingizi.
Hilo sikulitaja. Mzekala analijua;
ndiyo maana kalamu ilisimama.
"Kona ya saba," akasema mwishowe, "usivuke baada ya saa tisa."

Tukanunua pipa la oili, nozeli moja ya silinda ya tatu,
kamba mita hamsini, betri ya redio.
Mei tutaifungua.
Jokola alicheka: "Hata mwaka jana kulikuwa na Mei."

Leo imeanguka ya kwanza, hadi magotini.
Stata inalia, inalia, inaomba msamaha,
kisha moshi mweupe, kisha wa buluu,
kisha ule mngurumo ninaousikia kwenye meno.
Nafungua kifuniko, nakipindua, nakilaza mdomoni,
nakifunika kwa mkono mtupu.
Kinanigonga kiganjani. Kinangonga.
Bado nakiweza.

Nahesabu madirisha yenye taa bondeni: kumi na moja.
Nakaza kifuniko.
Natia gia.